Kutoka Gairo Hadi Oslo: Tulichojifunza Juu ya Maziwa ya Mama

Safari nyingi husimuliwa kuanzia siku ya kufunga mizigo. Yetu inatubidi tuianze nyuma kidogo, katika kosa tulilolifanya sisi wenyewe, kwa kuwa bila kosa hilo tungekwenda Ulaya na kurudi na picha tu.

Wengi wenu mmepita Gairo mkiwa ndani ya basi, kati ya Morogoro na Dodoma. Mmeona malori yanayopakia mahindi kando ya barabara, magunia ya viazi mbatata yaliyoteremshwa kutoka milima ya Ukaguru, na vumbi linalochezewa na upepo usiochoka. Tangu mwaka 2012 Gairo ni wilaya kamili, baada ya kumegwa kutoka Kilosa. Watu wetu wanaishi kwa jembe. Na palipo na mahindi pana dumuzi. Palipo na viazi na nyanya pana pampu ya kunyunyizia. Basi dawa za shamba tunazo majumbani mwetu kama tulivyo na chumvi. Nyingine ziko chini ya kitanda, nyingine juu ya dari, na nyingine, Mungu atusamehe, zimo kwenye chupa ya soda dirishani.

Sisi ni wauguzi wawili wenye stashahada, sote tumekwisha kuvuka miaka arobaini, na sote tunahudumu katika umoja wa wanawake wa kanisani kwetu. Mwaka 2018 mradi mmoja mdogo wa mafunzo ulitafuta wauguzi wa kujifunza namna ya kukusanya sampuli za maziwa ya mama kwa ajili ya kupima sumu. Tulichaguliwa, na kabla ya kusafiri tukahudhuria semina ya siku mbili mjini Morogoro. Huko tukaambiwa kwamba mwaka 2012 yalikusanywa maziwa ya akina mama huko Arusha, yakapelekwa Norwei kupimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: mabaki ya DDT yalikutwa ndani yake.

Tulirudi Gairo vichwa vikiwa vya moto. Alhamisi iliyofuata, kwenye kipindi cha akina mama, tukasimama mbele na kutangaza: maziwa ya mama yamekutwa na sumu! Tulisema kwa ufupi, tena kwa sauti ya kutisha, kama watu walioona simba. Hakuna aliyeuliza swali. Tukafunga kwa sala, tukaenda zetu.

Baada ya majuma matatu alikuja kliniki binti mmoja na mtoto wake wa miezi minne. Mtoto alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani, na mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa umeteremka. Tulipomwuliza anamlisha nini, alitazama chini.

"Shikamooni, mama zangu. Nampa uji na maziwa ya ng'ombe. Si ninyi mlisema ziwa la mama lina sumu? Na mimi nilikuwa nalima nyanya nikiwa na mimba yake."

Maji ya kuchanganyia uji huo alikuwa anayanunua kwa dumu. Ninyi mnaojua shida ya maji ya Gairo mtaelewa maana yake. Tulimpa mtoto maji ya chumvichumvi na zinki, tukamwonyesha mama namna ya kumrudisha mtoto kifuani, mara kwa mara, mchana na usiku, hata kama maziwa yalionekana yamekauka. Lakini usiku ule hatukulala. DDT haikuwa imemgusa mtoto yule kwa namna yoyote tuliyoweza kuiona. Maneno yetu ndiyo yaliyokuwa yamemgusa.

Hivyo tulipopanda basi kwenda Dar es Salaam, ndani ya mkoba mmoja kulikuwa na pasipoti mbili na swali moja: je, tumwambie nini mama anayenyonyesha?

NJIANI

Barabara ile tumeipita mara nyingi, ila safari hii tuliitazama kwa macho mengine. Dumila, nyanya na vitunguu vimepangwa kwenye makopo kando ya njia. Morogoro, milima ya Uluguru imejifunika wingu, na mboga zilizolimwa kwenye mabonde yake zinateremka kwenda sokoni. Tuliulizana: ni nani aliyenyunyizia, alinyunyizia nini, na alisubiri siku ngapi kabla ya kuvuna?

Tulipokaribia Kibaha, mwenzetu mmoja wa semina aliyekuwa naye safarini alitukumbusha habari ya Vikuge. Mwaka 1986 zililetwa huko dawa za kuulia wadudu kama msaada kutoka nje, nyingine muda wake ukiwa umekwisha. Ziliwekwa kwenye shamba la serikali, bandani, zikavuja ardhini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda kupima udongo miaka mingi baadaye, DDT ilikuwa bado ipo. Zawadi isiyotakiwa na mwenyewe ilikuwa imekaa hapo kama mgeni asiyeaga.

Usiku tukaruka. Hatutawachosha kwa habari za ndege, ila mmoja wetu alifunga mkanda tangu kuondoka hadi kutua, na chakula alikila akiwa ameshikilia kiti kwa mkono wa kushoto.

OSLO MWEZI WA NOVEMBA

Kitu cha kwanza kilichotushangaza Norwei ni giza. Saa kumi alasiri, wakati ambao kwetu watoto wanatoka shule na jua bado kali, Oslo ilikuwa imekwisha kuwasha taa. Baridi iliingia kwa kola ikatokea miguuni. Wenyeji wetu wakatuazima makoti mazito, tukatembea kama magunia yaliyoshonwa vibaya.

Kitu cha pili ni watoto wachanga. Tuliona vigari vya watoto vimesimamishwa nje ya nyumba, kwenye baridi ileile, na ndani yake mtoto amelala fofofo, amefunikwa vizuri, pua tu ndiyo inayoonekana. Tulidhani ametelekezwa! Tukaambiwa hapana, ndiyo desturi. Mtoto hulala vizuri penye hewa safi, na mama yuko karibu anamsikiliza. Tulicheka, maana bibi zetu wangeita kikao cha ukoo.

Kitu cha tatu kilitugusa zaidi. Katika treni ndogo za mjini zinazopita barabarani, na katika migahawa, akina mama walikuwa wananyonyesha bila wasiwasi, na hakuna aliyewakodolea macho. Nchi ile ina fedha, ina maziwa ya kopo ya kila aina, na bado mama anatoa ziwa. Tulilitunza jambo hilo moyoni.

NDANI YA MAABARA

Maabara ya sumu za mazingira tuliyokwenda kujifunza ni ya Chuo Kikuu cha Sayansi za Maisha cha Norwei. Wakati ule ilikuwa mtaa wa Adamstuen, mjini Oslo, mahali kilipokuwa chuo cha udaktari wa mifugo kabla ya kuunganishwa na chuo kikuu hicho mwaka 2014. Mwaka 2021 idara hizo zilihamia mji wa Ås, kusini mwa Oslo. Elimu yenyewe inaitwa ekotoksikolojia, yaani elimu ya namna sumu inavyosafiri kutoka udongoni na majini hadi kwa viumbe, na mwisho mezani petu. Maabara hiyo si ngeni kwa Tanzania. Watafiti wa huko, wakishirikiana na wenzao wa nchini kwetu, walikwisha kupima sato kutoka Ziwa Victoria, Tanganyika, Nyasa na Babati, na matokeo yalitoka mwaka 2014.

Tulidhani tutaanza na mashine kubwa. Tulianza na kuosha vyombo! Vyombo vya kioo viliooshwa, vikasuuzwa kwa kemikali, vikachomwa kwenye tanuri. Tukafundishwa kwamba mama anayetoa sampuli aoshe mikono na ziwa kwa maji tu, asipake mafuta wala losheni, na maziwa yasiguse plastiki isiyokubaliwa. Chupa iandikwe namba, si jina, ili siri ya mama ilindwe. Kisha igandishwe, na barafu isiyeyuke njiani. Siku mbili nzima tulijizoeza kwa maziwa ya ng'ombe yaliyonunuliwa dukani.

Baadaye tukaoneshwa kazi yenyewe. Sumu za aina ya DDT hupenda mafuta. Zikiingia mwilini hazitoki na mkojo upesi, bali hujificha kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Mama anaponyonyesha, mwili hutumia mafuta yake kutengeneza maziwa, na sumu hutoka pamoja nayo. Kwa hiyo maabara hukamua kwanza mafuta kutoka kwenye maziwa kwa kemikali maalumu, huyaondoa mafuta hayo kwa asidi kali, na kinachobaki, tone dogo tu, huingizwa kwenye mashine iitwayo kromatografu ya gesi. Mashine hutenganisha kila sumu na kuchora mstari wenye vilima. Kila kilima ni sumu yake, na urefu wake unaonesha kiasi.

Tuliuliza, kiasi gani? Wakatuambia hesabu zao hufika kwenye sehemu moja katika sehemu bilioni. Tulitazamana. Jioni, tukiwa na karatasi na penseli, tukajitafsiria kwa lugha ya Gairo: ni kama kutafuta punje moja ya mahindi katika magunia yapatayo 3,500 ya kilo mia, yaani malori kama kumi na mawili ya tani 30. Hapo ndipo tulipoanza kuona kosa letu. Kusema "sumu imeonekana" bila kusema ni kiasi gani ni kusema nusu ya habari, na nusu ya habari inaweza kuumiza kuliko kukaa kimya.

Jambo moja lilitukaa sana. Katika kila kundi la sampuli wanaweka chupa moja isiyo na maziwa kabisa, wakaipitisha njia ileile hatua kwa hatua. Wanaiita sampuli tupu. Ikitoka na sumu, basi uchafu ni wa maabara yenyewe, si wa mama. Kabla hawajamshuku mwingine, wanajipima wenyewe. Sisi tunaosoma juu ya boriti na kibanzi tulinyamaza kidogo.

Wakatuambia pia kwamba sumu haijui mipaka. Huko visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norwei, hakuna anayelima nyanya wala mahindi. Hata hivyo dubu weupe wa kule wamekutwa na kemikali za viwandani na za mashambani mwilini, zilizopelekwa na hewa na maji ya bahari na kupanda kutoka samaki hadi sili hadi dubu. Na akina mama wa Norwei wenyewe, wajawazito na wanaonyonyesha, hushauriwa na serikali yao wasile maini ya samaki, kwa sababu hiyohiyo.

SWALI LETU LAJIBIWA

Siku ya tano tulitoa swali letu. Tulisimulia habari ya yule binti, bila kujificha. Mtafiti aliyetufundisha, naye ni mama wa watoto, alitusikiliza hadi mwisho. Alituambia kwamba yeye amepima maziwa ya mama kwa miaka, na watoto wake wote amewanyonyesha.

Kisha akatueleza kwa utulivu. Maziwa ya mama hupimwa kwa sababu ni rahisi kuyapata bila sindano, na kwa sababu yanaonesha sumu iliyomo katika jamii nzima: baba anayo, bibi anayo, hata msichana asiyezaa anayo. Ziwa halitengenezi sumu; linatoa taarifa tu. Katika utafiti wa Arusha wenyewe hakuna aliyewaambia akina mama waache kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani linasisitiza palepale: ziwa la mama peke yake kwa miezi sita, kisha chakula pamoja na ziwa hadi miaka miwili au zaidi. Kwa nini? Kwa sababu kinga, chakula na usafi wa ziwa vinaokoa watoto sasa hivi, na uji wa maji machafu unawaua sasa hivi.

Alitupa pia habari ya kutia moyo. DDT ilianza kutumika kuulia wadudu baada ya Paul Müller wa Uswisi kugundua nguvu yake mwaka 1939, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Ilisaidia dhidi ya malaria na taifasi, lakini ikatumiwa hovyo mashambani. Uswidi iliizuia kuanzia mwaka 1970 na ikaendelea kupima maziwa ya akina mama wake. Mwaka hadi mwaka DDT ilishuka, hadi ikabaki sehemu ndogo tu ya ile ya mwanzo. Mwaka 2001 ulipitishwa Mkataba wa Stockholm wa kuzuia sumu zinazodumu, na Tanzania ikauridhia mwaka 2004. Chini ya mkataba huo DDT imebaki kwa kazi ya kudhibiti wadudu waenezao magonjwa tu.

Akina mama, mnaona? Maziwa yalisafika watoto wakiwa bado wananyonya. Kilichoachwa ni sumu.

TULIPORUDI

Tulipofika Gairo tulifuata mfano wa sampuli tupu. Tukaanza na nyumba zetu. Katika stoo ya mmoja wetu kulikuwa na dumu la njano la lita tano. Lilikuwa limeoshwa vizuri kwa sabuni, na kwa miezi kadhaa lilikuwa linachotea maji ya kunywa, hata ya kupeleka kanisani siku za semina. Mume wake alipoulizwa lilikotoka, alisema bila wasiwasi: "Ni lile la dawa ya viazi, mama watoto. Si liko imara?" Muuguzi mwenye stashahada, aliyerudi juzi kutoka Ulaya, alikuwa anawanywesha waumini kwa dumu la sumu. Tulilitoboa siku ileile.

Alhamisi tukasimama tena mbele ya akina mama. Safari hii hatukuanza na sumu. Tulianza kwa kuomba radhi. Tukamtaja mtoto bila kumtaja mama yake, tukasema kwamba tulizungumza kabla ya kuelewa. Hapo ukimya ukavunjika. Mmoja aliuliza juu ya mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa, mwingine juu ya nguo za mume anayepuliza. Kipindi cha saa moja kilikwenda saa tatu. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, yule binti alikuwa amekaa na mtoto wake chini ya kanga, ananyonya. Alitutazama, akatabasamu kidogo. Kadi ya mtoto ilikuwa inapanda.

YA KUFANYA NYUMBANI

Haya ndiyo tuliyokubaliana na akina mama wa Gairo, nasi tunawapa ninyi pia.

Endelea kunyonyesha. Kama una wasiwasi, mwone muuguzi kwanza; usimwachishe mtoto kwa sababu ya uvumi.

Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wasipulize dawa wala kuchanganya. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, mbali na nepi na nguo za mtoto.

Usinunue dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya soda au mfuko usio na lebo. Tazama rangi iliyo chini ya lebo: nyekundu ni hatari kuliko zote, ikifuatiwa na njano, bluu, na kijani. Hata ya kijani si juisi.

Soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uziheshimu. Mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa hayaoshwi yakaliwa.

Kwa mahindi ya chakula, ukiweza, tumia yale magunia yasiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Mahindi yakauke vizuri kwanza, kisha ufunge kila mfuko kwa nguvu; wadudu hukosa hewa wakafa, bila dawa yoyote.

Chombo cha dawa kikiisha, kisuuze mara tatu, maji hayo yamwagwe kwenye pampu, kisha kitobolewe. Kisichotewe maji, kisiwekewe mafuta, kisipewe mtoto kuchezea.

Mtoto akinywa sumu, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula, ingawa ndivyo tulivyozoeshwa. Maziwa si dawa ya sumu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mlaze kwa ubavu, na mkimbize hospitali pamoja na chupa au lebo yenyewe. Akitoa udenda mwingi, akitoka jasho, mboni za macho zikiwa ndogo kama kichwa cha pini au pumzi ikiwa nzito, kila dakika ina thamani.

Tunaulizwa mara nyingi, mlileta nini kutoka Ulaya? Tulileta makoti mawili tusiyoyahitaji na picha ya mtoto aliyelala kwenye baridi. Na tulijifunza kushika neno kama tulivyofundishwa kushika chupa ile ya kioo: likiwa safi, limeandikwa vizuri, na mikononi mwa mtu aliyekwisha kujipima mwenyewe. Leo jioni, mama mwenzetu, kabla hujapika, hebu zunguka stoo yako ukatazame madumu.